Kuandaa Mashua Kuukuu kwa Safari za Mwambao wa Tanga

Wakati mzuri wa kuanza kuitengeneza mashua ya zamani hapa Tanga ni mwezi wa Septemba, kusi, upepo wa kutoka kusini, linapoanza kulegea na mvua za vuli bado hazijashika. Anayeanza kazi hiyo mwezi wa Machi hukutwa na masika akiwa amekwisha kufungua mbao, na masika ya Tanga hayana subira: chombo kilichotolewa kalafati yake, pamba inayoziba nyufa za mbao, na kuachwa wazi chini ya mvua ya wiki kadhaa huwa kibaya kuliko kilivyokuwa kabla fundi hajakigusa. Anayeanza Septemba ana miezi ya kufanya kazi kwa utulivu, mvua fupi za vuli anaweza kuzivumilia chini ya banda la makuti, na akimaliza karibu na mwisho wa mwaka hukuta kaskazi imekwisha kukaa sawa. Pepo hizo ndizo zimpelekazo mtu kusini, kuelekea Kigombe na Pangani, bila kumlazimisha kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo, kutwa nzima.

Mashua ninayoizungumzia ina urefu unaokaribia mita 7, mlingoti mmoja ulioinamia mbele kidogo, tezi, yaani sehemu ya nyuma, iliyokatwa bapa, na mbao za mwembe zilizopigiliwa juu ya mataruma ya mkoko, yaani mbavu za ndani za chombo. Niliinunua kwa ukoo wa wavuvi waliohamia kwenye boti ya faiba. Kwa kuwa mimi ni mwalimu na si mvuvi, safari ninazozitaka ni fupi: kutoka katika ghuba ya Tanga, kupita visiwa vya Ulenge na Yambe, kushuka hadi Tongoni na Kigombe, kulala Pangani, kufika kisiwa cha Maziwe siku ya bahari tulivu, kisha kurudi. Pemba haimo. Wako watu wa hapa wanaovuka kwenda Pemba kwa vyombo vidogo kuliko changu na wakafika salama, lakini mkondo wa bahari ulio kati yetu na Pemba una kina cha mamia ya mita, maji yake husukumwa kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi mwendo wa maji hayo unaweza kufikia noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa, mwendo ambao mashua nyingi za kiasi hiki haziupati hata zikiwa na upepo mzuri.

Nikiwa na chombo kikuukuu, swali langu la kwanza ni mahali gani patakapoachia kabla ya pengine, na siku hiyo nitakuwa umbali gani kutoka mchangani. Swali hilo ndilo lililoipanga kazi yangu yote: chini kwanza, juu baadaye, tanga mwisho kabisa, ingawa tanga ndilo ambalo kila apitaye pale ufukweni Sahare huuliza habari zake.

Kazi ya chini haiwezekani bila kuyajua maji. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Kwa sababu hiyo mwenye mashua hahitaji gati wala winchi. Hukileta chombo juu ya mchanga safi maji yakiwa yamejaa, hukiegemeza kwa magogo pande zote mbili, na maji yakitoka chombo hubaki kikavu, kimepwelewa kwa hiari ya mwenyewe. Hata hivyo siku ya kupweleza lazima ichaguliwe kwa hesabu. Ukipandisha chombo siku ya kilele cha bamvua, maji ya kesho yatakuwa pungufu, ya kesho kutwa pungufu zaidi, na itakubidi kusubiri bamvua lijalo, karibu wiki mbili, ndipo kielee tena. Kwa kazi ndefu hivyo ndivyo unavyotaka. Kwa kazi ya kukwangua na kupaka dawa peke yake, pandisha siku mbili tatu kabla ya kilele, ili kila maji yanayofuata yawe makubwa kuliko yale yaliyokileta. Nimeona watu wenye fedha na mashine mpya wakikaa siku nyingi wakitazama chombo chao kikiwa juu ya mchanga mkavu, kwa sababu walitazama saa ya maji wasitazame mwezi.

Kukaa kavu nako kuna hatari yake. Mbao zilizozoea maji hujikunja zikipigwa na jua, na nyufa zilizofungwa kwa miaka hufunguka ndani ya siku chache. Banda la makuti halikosi kuwepo, na asubuhi na jioni ubavu wa chombo humwagiwa ndoo za maji ya bahari. Hayo yanapaswa kuwa maji ya bahari, si ya bomba, na sababu yake nilielezwa na fundi wangu, mzee wa Sahare aliyekuwa akijenga vyombo kabla sijazaliwa.

Mzee huyu haamini macho. Hugonga ubao kwa mpini wa kisu na kusikiliza, kisha huchoma kwa ncha. Ubao mzima hutoa sauti kavu, na uliooza hunyamaza na kukipokea kisu bila ubishi. Alinishangaza kwa kuanzia juu, kwenye pembe za tezi, kwenye vichwa vya mataruma na mahali mlingoti unaposimama, wakati mimi nilikuwa nimejikunyata chini nikitazama mkuku, mti wa chini kabisa wa chombo. Nikamwambia, "Mzee, huku chini ndiko kulikokaa majini miaka yote, mbona unaanzia huko?" Akanijibu bila kugeuka, "Mwalimu, umeona wapi ng'onda akioza?"

Ndivyo ilivyo, kwa kuwa ng'onda ni samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Kuvu ambao huozesha mbao hustawi katika unyevu wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na chumvi huwadhoofisha; kwa hiyo adui wa mbao za juu ni mvua inayotuama pembeni, hasa pale hewa isipopita. Kwenye mashua yangu kisu kilizama katika mwashiri, lile gogo la chini linaloupokea mguu wa mlingoti, na katika mataruma mawili yaliyo karibu nalo. Maji ya mvua yalikuwa yakiteremka kwenye mlingoti miaka yote na kutua hapo. Mwashiri ukioza, mlingoti unabaki umesimama kwa mazoea tu, na siku upepo utakapougeukia, utazichana mbao za chini kabla watu hawajajua kilichotokea. Tuliutoa wote tukaweka mpya wa msaji, mti ambao Mkoa wa Tanga unao katika mashamba ya serikali ya Longuza, Muheza, ingawa kuupata kipande kinene kilichokauka vizuri ni kazi ya kuulizia kwa wauza mbao mmoja baada ya mwingine.

Mataruma yalichukua muda zaidi. Taruma halichongwi kutoka kwenye ubao ulionyooka, kwa kuwa nyuzi za mti zingekatwa mahali pa mpindo na hapo ndipo lingevunjika. Fundi hutafuta tawi lililojipinda lenyewe likikua, hulilinganisha na ubavu wa chombo, kisha hulichonga kwa tezo hadi likae. Zamani mkoko ulitosha kwa kazi hii. Siku hizi mikoko ni misitu ya hifadhi na haikatwi bila kibali, jambo ambalo naliunga mkono, hasa nikikumbuka jinsi pwani ilivyokwisha kuvuliwa miti mahali pengi. Tulitumia matawi ya mtondoo, na fundi akalalamika kidogo kwa ajili ya heshima ya ujana wake.

Baada ya mbao huja misumari, na hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu nadhani vyombo vingi vya zamani hupotezwa na misumari kuliko vinavyopotezwa na dhoruba. Msumari wa chuma ukila kutu hufanya mambo mawili kwa pamoja. Wenyewe hupungua unene mpaka hubaki kama sindano, na kutu yake huuharibu ubao unaouzunguka, ukawa mweusi na laini, hata tundu likawa kubwa na msumari ukacheza ndani yake. Kwa nje unaona alama nyeusi tu, mstari wa rangi unaochuruzika chini ya kila kichwa cha msumari. Ukipiga msumari mpya katika tundu lile lile, haushiki kitu. Njia ya fundi ni kuuacha wa zamani ulipo ikiwa haulegei, kutoboa tundu jipya kando kwa keke, kuzungushia pamba iliyoloweshwa mafuta chini ya kichwa cha msumari, na kuupiga hadi ncha itokee upande wa pili wa taruma, ambako hukunjwa na kurudishwa ndani ya mti. Misumari iwe ya kupakwa zinki, minene, na yote ya aina moja. Kuchanganya shaba na chuma katika maji ya chumvi ni kukiua chuma kwa haraka, kwa kuwa madini hayo mawili yakikutana ndani ya chumvi chuma ndicho huliwa.

Kisha kuna yule mdudu wa mbao za baharini, kiumbe wa jamii ya chaza mwenye umbo la mnyoo, ambaye huingia akiwa mdogo kiasi cha kuacha tundu la ncha ya pini, halafu hukua ndani na kuchimba kwa kufuata nyuzi za mti. Ubao huonekana mzima kwa nje, na ndani ni vichochoro vitupu. Hawezi kuvumilia kukauka, joto, wala kukaa muda mrefu katika maji baridi, na ndiyo maana wazee walikuwa wakipweleza vyombo mara kwa mara na kuwasha makuti chini yake, moto mwepesi unaotembezwa mkukuni na ubavuni, wa kuzipasha mbao joto bila kuziunguza. Tulifanya hivyo asubuhi isiyo na upepo, ndoo zikiwa tayari, kabla ya kalafati yoyote mpya.

Kalafati yenyewe ni kazi ya mikono yenye uvumilivu. Pamba husokotwa kuwa uzi mnene, huloweshwa sifa, yaani mafuta ya papa yanayonuka mpaka majirani wakahoji, au mafuta ya nazi kama huna moyo huo, kisha husukumwa katika upenyo kwa patasi butu na nyundo ndogo. Kosa linaloonekana kwa wengi ni nguvu. Pamba ikishindiliwa mno katika mbao kavu, mbao zitakapovimba majini hazitakuwa na pa kwenda, na zitasukuma mataruma au kung'oa misumari. Fundi hushindilia kwa kusikiliza, akabadilisha mkono mahali upenyo ulipo mpana, na anapokuta ubao umeachana na mwenzake kwa nafasi ya kidole hakubali kuijaza pamba peke yake. Huchonga kipande chembamba cha mbao akakipachika.

Hapa ndipo washauri wa pwani hujitokeza. Kila mmoja aliyesimama kutazama aliniambia nifunike chombo chote kwa faiba nipumzike. Nimelifikiria sana shauri hilo na ninalikataa kwa chombo cha namna hii. Faiba juu ya mbao mpya, kavu, zilizojengwa kwa ajili yake, ni jambo jingine. Juu ya mbao zilizolowa chumvi kwa miaka na kupakwa mafuta ya papa, haishiki vizuri. Mbao zitaendelea kuvimba na kusinyaa chini yake, faiba itabanduka mahali usipopaona, maji yatapita hapo yasitoke, na ule ubao ambao leo fundi anaweza kuugonga na kuuliza hali yake utakuwa umefunikwa macho. Mwenye boti ya biashara anayetaka kuitumia miaka mitatu kisha aiache ana hesabu zake. Mimi nataka chombo ninachoweza kukikagua kwa kisu.

Rangi na mafuta niliyapita upesi. Ubavu wa juu hupakwa sifa, na chini, badala ya deheni ya shahamu na chokaa iliyotumiwa na wazee, nilitumia dawa ya kuzuia viumbe wa baharini, nikapaka siku ile ile ya kurudi majini kama maelezo ya kopo yalivyotaka. Siku za mwanzo majini mashua ilivuja, kama nilivyoambiwa itavuja. Tuliiacha kwenye kina kidogo na kumweka kijana wa kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, mpaka mbao zikavimba na ngama, sehemu ya chini ya chombo inayokusanya maji, ikatulia. Kiasi cha maji yanayoingia ngamani kwa usiku mmoja nimekipima kwa ndoo, na kipimo hicho nakiandika, maana chombo cha mbao kilicho kikavu kabisa ni nadra, lakini chombo kinachoingiza maji kwa kiasi kisichobadilika ni chombo unachokijua.

Juu ya maji kuna kamba, miti na nguo. Foromali yetu, mti unaobeba tanga, ilikuwa na ufa mahali inapofungwa henza, kamba nene ya kuipandishia, pale pale uzito wote unapobebwa, na hakuna cha kuunga hapo, tuliibadilisha. Kapi zilikuwa nzima ila roda zake, yale magurudumu ya ndani, zimeganda. Kuhusu kamba kuna jambo linaloniuma kidogo kama mtu wa Tanga. Mkonge uliletwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, mji huu ukajengwa kwa katani, na hata leo ukienda nje ya mji unaona mistari ya mashamba hadi upeo wa macho. Kamba ya katani ni nzuri mkononi na fundo lake halitelezi, lakini huoza kwa ndani ikikaa mbichi, na huwezi kuliona tatizo hadi ikatike. Nimeiacha kwa kufungia tanga kwenye foromali, mahali ninapopaona kila siku. Kwa henza na jarari, kamba ya kapi inayoivuta henza, nimeweka kamba ya kisasa isiyovutika, na kwa amari, kamba ya nanga, nimeweka nailoni, ambayo huvutika na hivyo hupunguza mshtuko wimbi linapoinua omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo.

Tanga la mashua halina mpango mwepesi wa kupunguzwa likiwa juu, kwa hiyo desturi ya kuwa na matanga mawili ina maana yake. Kubwa ni la upepo wa asubuhi. Dogo, lililoshonwa kwa turubai nene, ni la kusi na la mchana wa kaskazi kali. Kulibadilisha kunataka kuteremsha foromali nzima, na hilo hufanywa mapema, bado upepo ukiwa wa kuridhisha. Kugeuza mashua kwa kupisha foromali mbele ya mlingoti kunahitaji watu wawili wanaoelewana, na kuacha upepo uingie nyuma ya tanga bila kukusudia ndiko kunakovunja milingoti na vichwa. Tulilifanyia mazoezi mbele ya kisiwa cha Toten, katika maji tulivu, hadi mwenzangu akawa hangojei tena niseme.

Sasa nanga, ambayo naithamini kuliko mashine na kuliko tanga. Chombo kilichopoteza tanga na mashine kikiwa na nanga nzuri bado ni chombo. Kina muda wa kufikiri. Hesabu yake ni rahisi na wengi hawaifanyi. Ukitia nanga mahali penye mita 2 maji yakiwa yamepwa siku ya bamvua, baada ya saa sita patakuwa na zaidi ya mita 5. Amari inapaswa kuwa angalau mara tano ya kina cha maji kujaa, pamoja na kimo cha omo, kwa hiyo mita 30 ndizo za kuanzia, na usiku wa upepo uongeze. Aliyepima kwa maji ya jioni tu huamka akiwa amening'inia juu ya nanga yake kwa kamba iliyosimama wima, na nanga ya namna hiyo haishiki. Kati ya nanga na amari nimeweka mita 5 za mnyororo, kwa uzito na kwa sababu matumbawe hukata nailoni upesi. Nina nanga mbili: ile ya makombe manne, yaani kucha nne, inayoshika mwambani, na nyingine pana ya mchanga na matope. Ninapendelea mchanga, na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, hakuna sababu yoyote ya kuangusha chuma juu ya matumbawe hai.

Kuhusu mashine sina mengi. Ni ya kupachika, ya pili mikononi, na inatumika kuingia na kutoka bandarini na kunitoa mahali upepo ulipokufa. Huoshwa kwa maji baridi kila baada ya matumizi, ina plagi za akiba na kipuri cha pampu ya maji cha akiba, na petroli huchujwa kwa kitambaa kabla ya kuingia tangini, kwa kuwa maji katika petroli ndiyo huizimisha mashine saa ile unapoihitaji.

Mashua tupu hulewalewa. Ilipokuwa ya uvuvi ilibeba nyavu, barafu na samaki. Mimi nabeba chakula na maji ya kunywa, lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na hayo hayatoshi kuikalisha. Farumi yangu, uzito wa kutuliza chombo, ni mawe ndani ya magunia, yaliyofungwa chini kwa kamba ili yasihame chombo kinapolala upande mmoja, nayo huondolewa mara kwa mara nikague mbao zilizo chini yake. Jaketi okozi ni moja kwa kila kichwa na huvaliwa, hazikaliwi. Kuna dira, filimbi, kioo cha kumulikia, redio ya mawasiliano yenye chaneli 16 ambayo husikilizwa na meli, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na boksi la kiraka: pamba, shahamu, vipande vya bati, misumari mifupi na nyundo. Kiraka cha bati juu ya kitambaa chenye shahamu si matengenezo, lakini hufika nacho mtu ufukweni.

Usajili na ukaguzi wa vyombo uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na nashauri mtu aende huko kabla hajapaka rangi ya mwisho, maana namba ya usajili lazima iandikwe ubavuni. Ghuba ya Tanga nayo si ile ya zamani. Bandari imeongezwa kina, meli kubwa sasa hufunga gatini, na upande wa Chongoleani ndiko kulikotengwa kwa kituo cha bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, za mwaka 1972, zinasema wazi kwamba chombo cha tanga hakipaswi kuizuia meli ambayo haiwezi kupita ila ndani ya mlango mwembamba. Wapo wanaoamini kuwa tanga lina haki mbele ya kila kitu. Ndani ya mlango wa Tanga halina. Kanuni hizo hizo zinakiruhusu chombo cha tanga kilicho chini ya mita 7, ikiwa hakiwezi kubeba taa zote, kuwa na kurunzi au taa nyeupe tayari ya kuonyesha kwa wakati. Nina kurunzi mbili, na bado sitembei usiku.

Njia ya kusini ina urefu wa maili 25 hivi za baharini hadi Pangani. Kinachoiwezesha mashua kuimaliza kwa siku moja ni kuondoka kwa umande, upepo wa bara wa alfajiri, ukiwa bado una nguvu, kukaa kati ya visiwa na bara ambako mkondo wa nje haufiki kwa ukali, kisha kupokea kaskazi inapoamka. Mbele ya Tongoni, Mtang'ata ya zamani, tahadhari ni ya miamba. Mwaka 1498 mojawapo ya meli za Vasco da Gama, São Rafael, ilipanda mwamba huko, na mwaka uliofuata Wareno waliporudi na wachache waliobaki hai waliichoma moto meli hiyo katika eneo hilo hilo kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Miamba bado ipo. Husomwa kwa rangi, kahawia ni ya kukwepa, kijani hafifu ni mchanga, buluu ni salama, na rangi hizo huonekana jua likiwa juu au nyuma yako. Ndiyo sababu naondoka Maziwe kabla ya adhuhuri kupita: kutoka pale hadi Pangani ni kuelekea magharibi na kaskazini, na alasiri jua huwa usoni, maji yote yakawa fedha tupu. Maziwe ni hifadhi tangu mwaka 1975, siku hizi ni fungu la mchanga lisilo na mti hata mmoja, na wakati wa bamvua maji hulifunika, kwa hiyo hapafai kuwa kimbilio la usiku.

Mlango wa mto Pangani una fungu la mchanga linalohama. Huingiwa maji yakijaa, karibu na mwisho wa kujaa, kamwe si maji yanapotoka wakati upepo wa baharini unavuma, kwa kuwa mto na kupwa kwa maji vikikutana na wimbi la kutoka nje, mawimbi husimama wima na kuvunjika mlangoni. Aliyechelewa hukaa nje hadi maji yageuke, na hapo ndipo anapojua kama ile mita 30 ya amari aliinunua kweli au aliisema tu. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa husomwa usiku wa kuamkia safari na tena alfajiri. Mwambao wetu uko karibu na ikweta na vimbunga ni nadra, lakini Hidaya, kilichoingia pwani karibu na Mafia mwezi wa Mei 2024 baada ya siku kadhaa za tahadhari, kilitosha kuondoa dhana kuwa havifiki kabisa.

Majaribio tumeyapanga kwa umbali unaoongezeka: ndani ya ghuba kwanza, kisha hadi Ulenge na kurudi siku hiyo hiyo, kisha kulala nanga nyuma ya Yambe usiku mmoja wenye upepo ili tuone amari inavyovuta na ngama inavyojaa mashua ikiwa katika mawimbi, ambako mbao hucheza kuliko zikiwa katika maji tulivu. Kila baada ya jaribio farumi hutolewa na kisu hupita tena kwenye mwashiri na vichwa vya misumari mipya. Yambe imeonyesha kwamba kana, mpini wa kugeuzia usukani, imepasuka pale inapoingia kwenye kichwa cha usukani, na fundi hakubali kuifunga kamba wala kuipiga msumari. Anatafuta kipande kingine cha msaji, na Pangani itasubiri bamvua litakalofuata.